Maziwa Niliyompa Wanis

Novemba 3

Daftari hili lilikuwa la Naziha, la hesabu. Aliandika kurasa kumi na moja, akafeli mtihani wa mwisho, akalirusha juu ya kabati. Zile kurasa zake nimezichana nikawashia tanuri la mkate. Zilizobaki ni zangu. Mimi niliishia darasa la sita lakini mwandiko wangu unasomeka, na humu ndani siwezi kusema yaliyo moyoni bila mama mkwe wangu, Ummi Yamina, kuinua jicho.

Mume wangu Lazhar yuko Sfakis anajengea watu nyumba, atarudi mwaka mpya. Tuko wanawake wanne: Ummi Yamina, mimi, binti yangu Naziha wa miaka kumi na minane, na Sirin wangu wa miezi saba, niliyempata watu walipokwisha kuacha kuniuliza.

Imenyesha ile mvua ya kuosha zeituni. Kesho tunaanza kuchuma. Naona mwaka huu utakuwa mzuri.

Novemba 4

Mistari miwili ya miti. Upepo wa mlimani unakata masikio.

Wenzetu wanachana matawi kwa machanuo ya plastiki. Mimi na Naziha tunavaa pembe. Ni ncha za pembe za kondoo, tatu kwa kila mmoja wetu, za vidole vitatu vya mkono wa kulia, nilizokuja nazo kutoka kwetu Mahdia nilipoolewa. Zilikuwa za mama yangu. Kila mwaka wananicheka: "Saluha kaota kwato!" Naziha naye hujibu: "Kwato zinachuma kreti tano, vidole vyenu vya bibi harusi vinachuma mbili." Mdomo wa mwanangu huyo nauogopa na kuupenda.

Novemba 9

Pikapu nyeupe ilisimama kando ya shamba. Akashuka Wanis, koti la ngozi, meno yote nje. Ana miaka ishirini. Alizaliwa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mama yake, marehemu Mbarka, alikufa kwa maradhi ya kifua kabla hajamlea, mtoto akachukuliwa na shangazi yake, Bi Mongia. Kazi yake ni kuleta petroli kutoka upande wa pili wa mpaka, kama nusu ya vijana wa hapa. Alituletea mikate ya moto na machungwa.

"Mama zangu, mnazichuma hizo zeituni au mnazibembeleza?"

"Njoo uchume wewe," Bi Zohra akamjibu, "tuone kama mkono wako unajua kitu zaidi ya usukani."

Tulicheka wote. Hata mimi nilicheka, na naandika hapa nisije nikasahau kwamba nilicheka. Naziha peke yake hakucheka. Alikuwa anausogeza ushungi nyuma, kidogo tu, nywele za mbele zionekane.

Novemba 10

Mistari mitatu. Baridi.

Novemba 13

Naziha amechuma kutwa kwa pembe mbili. Nikamuuliza, ya kidole gumba iko wapi? "Imepotea, Mama." Nimekung'uta turubai zima, nimepekua majani kwa mikono. Pembe ile ina doa jeusi la moto, aliitia kwenye jiko la makaa akiwa na miaka mitatu nikamchapa, kisha nikalia mimi.

Novemba 14

Nimeiona. Inaning'inia kwenye kioo cha ndani cha pikapu ya Wanis, imefungwa uzi mwekundu, doa jeusi linanitazama.

Pembe ya mama yangu! Mwanamke aliyechuma kwa pembe ile miaka arobaini, leo ni pambo la gari la magendo.

Nilimkuta Naziha kwenye tanuri anabandika mikate.

"Umempa."

Hakuuliza amempa nani wala nini. "Anataka kuniposa, Mama. Si mchezo."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipofeli. Ninyi nyote mlikuwa mnaninong'onea kama kuna msiba. Yeye alisimamisha gari akaniambia, huo ni mtihani tu, utapata mengine. Yeye tu."

Ningesema nini? Ni kweli tulinong'ona. Mkate mmoja ukadondoka makaani ukaungua, hakuna aliyeuokoa.

Novemba 17

Mvua. Hatukuchuma.

Novemba 20

Nilimpeleka Sirin chanjo. Kwenye benchi la zahanati alikaa msichana amejifunika shingo na mkono wa kushoto, kwenye joto lile la ndani. Ni Rabeb, wa kijiji cha bondeni. Tulisikia msimu wa kuchipua kwamba aliungua kwenye tanuri la mkate. Sirin akamshika kitambaa akakivuta, nikaona shingo. Nimeoka mkate tangu nina miaka minane. Tanuri haliunguzi mtu nyuma ya shingo.

Nikamwambia, "Mwanangu, hilo si tanuri."

Alitazama mlango kwanza. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayesoma dawa kwenye chupa. Alikuwa akikaa kiti cha mbele cha pikapu ya zamani ya Wanis. Nyuma madumu ya petroli, juu yake magodoro. Askari wa kizuizini wakiona ushungi wa mwanamke mbele, hudhani ni familia, hawapekui wala hawafyatui risasi. Safari ya tano walifukuzwa, gari likapinduka, likashika moto. Wanis aliruka. Yeye mlango wake ulikwama.

"Alirudi kukutoa?"

"Alirudi kuchukua simu yake," akasema. "Khalti, mama mdogo, yule hatafuti mke. Anatafuta ushungi wa kuweka kwenye kiti."

Nikamwomba aje aseme haya kwetu. Akakataa. Baba yake amesema ni tanuri, basi ni tanuri.

Muuguzi aliponiita, Sirin alilia kabla ya sindano. Nadhani alisikia moyo wangu unavyopiga.

Novemba 21

Nimemwambia Naziha yote.

"Ana wivu," akasema. "Alimtaka akakosa."

"Nimeiona shingo yake!"

"Umeona shingo. Gari uliliona?"

Nikampigia Lazhar. Kumbe Wanis alishampigia kabla yangu. "Kijana ameongea vizuri, Saluha, ana gari, ana adabu. Na binti mwenyewe amefeli. Unamngojea nani, mtoto wa waziri?" Nikamweleza habari za Rabeb. "Baba yake mwenyewe kasema tanuri. Wewe unajua kuliko baba yake?" Akakata simu, fundi wake anamwita.

Ummi Yamina alikuwa pale pale anachambua dengu. Miaka kumi na tisa naishi na ukimya wa mwanamke huyu, na leo nilitamani kumtupia sinia.

Novemba 24

Mistari mitatu. Nimevunja tawi zima kwa hasira, msimamizi wa shamba akanigombeza, haki yake.

Novemba 28

Leo walikuja kuposa. Nitaandika yote kama yalivyokuwa, maana kuanzia leo mimi ni mwongo na mwongo lazima akumbuke.

Alikuja Bi Mongia, Bi Zohra kama shahidi, na Sheikh Tijani wa msikiti wetu, kwa kuwa Lazhar alimwomba kwa simu amwakilishe. Wanis alikaa kando ya mlango, macho chini, mkono kifuani. Mtu asiyemjua angempa binti zake wote. Naziha alivaa gauni la Idi. Alikuwa mzuri mpaka nikaona uchungu.

Mimi nilikuwa jikoni nampa Sirin ziwa, namsikia Bi Mongia anasifia. "Wanis wangu hajawahi kuninyanyulia sauti." Sheikh anasema inshallah, inshallah. Nikajua wakifika kwenye Fatiha tu, imekwisha. Neno langu la hapana halina uzito. Baba amekubali, binti amekubali, Rabeb ameungua kwenye tanuri. Nikamtazama Sirin anavyonyonya, jasho kwenye pua, na wazo likaja kama mtu aliyenisukuma mgongoni.

Nikatoka naye hivyo hivyo, sijafunga hata kifungo vizuri.

"Msisome Fatiha. Haiwezekani. Wanis nimemnyonyesha."

Hata chai iliacha kumiminwa.

"Lini?" Bi Mongia akauliza.

"Ile baridi Mbarka alipolazwa. Naziha alikuwa na wiki tatu. Mlimleta Wanis kwetu hana hata miaka miwili, analia. Mnakumbuka mlimleta?"

"Tulimleta, ndiyo..."

"Basi nilimpa ziwa."

"Miaka yote hii hukusema?"

"Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilimpa mtoto wa jirani maziwa, ningepiga ngoma?"

Sheikh Tijani aliweka kikombe chini. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika, na mara mbili nikasema nina hakika. "Hata funda moja linatosha," akasema. "Ni ndugu wa ziwa moja. Alhamdulillahi kwamba mama amekumbuka mapema."

Sasa naandika kweli, mahali pekee ninapoweza. Sikumnyonyesha. Siku zile matiti yangu yalikuwa yamepasuka na homa juu, hata Naziha mwenyewe alikuwa anapewa maziwa ya mbuzi kwa kijiko. Wanis nilimwosha, nikampakata na blanketi, nikamlisha mkate uliolowekwa kwenye maziwa yale yale ya mbuzi. Tulikuwa wawili tu chumbani. Mimi, na Ummi Yamina.

Nilipomtazama leo, alikuwa ananitazama. Akainua kikombe chake akanywa.

Naziha alipiga ukelele mmoja akakimbilia ndani. Nilimngoja Wanis alipuke. Hakulipuka. Alikunja uso kama mtu anayepiga hesabu, halafu uso ukafunguka. Akasimama, akaja mpaka nilipo, akaniinamia akanibusu kichwani mbele ya wote.

"Mama," akasema. "Kumbe miaka yote nilikuwa na mama."

Bi Zohra akalia machozi. Mimi nikakifunga kifungo.

Novemba 30

Naziha haongei nami. Sawa. Asiongee, ila awe mzima.

Desemba 1

Wanis amekuja. Ameleta machungwa. Ameingia bila kubisha hodi.

Desemba 2

Amekuja.

Desemba 3

Amekuja. Amekaa jikoni na Naziha kichwa wazi, bila ushungi, kwa kuwa ndugu hajifichi kwa ndugu. Nikasema, Wanis, wanawake wako kazini hapa. "Mama, unanifukuza nyumbani kwetu?" Bi Zohra alikuwa mlangoni akaniona mimi ndiye mkorofi.

Desemba 5

Amekuja. Lazhar kanipigia simu anacheka: "Afadhali, nyumba imepata mwanamume nikiwa mbali." Nilitamani kuivunja simu kwa jiwe.

Desemba 6

Mistari minne. Amekuja kutuchukua shambani. Amemkalisha "dada" mbele.

Desemba 8

Naziha ananisemesha tena. Anaimba anapoosha vyombo. Ameniosha miguu niliporudi, amenipaka mafuta kwenye nyufa za vidole. Nilifurahi kama mjinga. Nikajiambia, tazama, moyo wa msichana unapona.

Desemba 10

Wanis amempeleka Naziha mjini kwa daktari wa meno. Nani angekataza? Wamerudi jioni. Jino halijang'olewa.

Desemba 12

Tena daktari wa meno.

Desemba 13

Nimefua ushungi wa Naziha. Maji ya kwanza, ya pili, ya tatu. Harufu haitoki. Ni petroli.

Nimekaa juu ya ndoo iliyofunikwa sijui kwa muda gani. Mimi ndiye niliyemfungulia mlango! Mchumba tungemkalisha sebuleni na mashahidi, tungemhesabia dakika, asingempeleka Naziha hata dukani. Ndugu anakaa jikoni, ndugu anamchukua safari, na kizuizini askari akiuliza, huyu ni nani wako, anajibu dada yangu, na kijiji kizima kitamshuhudia. Rabeb alikuwa ushungi kwenye kiti. Naziha nimempa pamoja na hati ya undugu.

Desemba 14

"Safari ngapi?" nimemuuliza.

"Mbili."

"Naziha, nilikuonyesha shingo ya yule mtoto kwa maneno yangu yote."

"Na mimi nilikuona unasimama mbele ya Sheikh na ziwa mkononi unasema uongo." Alisema bila kupaza sauti. "Wanis alijua siku ile ile. Shangazi yake amemsimulia maisha yake yote kwamba alikuwa hashiki ziwa la mtu ila la mama yake. Mongia mwenyewe alisahau anachosimulia, ulivyomchanganya. Umetufanya ndugu wewe, Mama. Dada hasafiri na kaka yake?"

"Anakutumia."

"Ananipenda. Jumamosi tunavuka mpaka, tunaenda Tebessa moja kwa moja. Huko hakuna anayejua maziwa yako. Tutaoana kwa kadhi wa kule."

"Na madumu nyuma?"

"Madumu ni ya mwisho."

"Nitasema ukweli kwa watu."

Akanitazama, na nikaona kwamba ananihurumia, na hilo lilinichoma kuliko matusi. "Huwezi. Ukisema, wewe ni mwongo wa mbele ya Sheikh, na mimi ni msichana aliyekaa wiki mbili na mwanamume wa kando. Utanichoma mwenyewe, Mama, bila petroli."

Desemba 15

Amekuja. Nilimkabili uani, nikiwa na kisu cha vitunguu mkononi, wallahi sikukichukua kwa ajili yake.

"Muache mwanangu."

"Yupi? Mimi pia mwanao." Akacheka. "Mama, maziwa yako matamu. Nimepita kizuizini mara mbili, askari ananiambia, msalimie mama. Kwa mahari nisingelipata hili."

"Rabeb ulimwacha ndani ya moto."

Hapo tu ndipo uso wake ulipobadilika, kwa muda wa kupepesa jicho. "Rabeb aliungua kwenye tanuri," akasema. "Muulize baba yake."

Desemba 16

Mistari miwili. Mikono haishiki. Jumamosi ni tarehe kumi na tisa.

Desemba 17

Ummi Yamina ameongea.

Tulikuwa tunachagua zeituni za kutia chumvi, yeye za kijani, mimi nyeusi. Akasema, bila kuinua kichwa: "Mtoto yule ulimlisha mkate. Mbuzi alikuwa wangu."

Nilijua siku hii itakuja. Miaka kumi na tisa nimejiandaa kwa ubaya wake. Nikamwambia, kwa hasira yangu yote: "Basi nenda kawaambie, Ummi! Umengoja nini? Umefurahi kuniona nazama?"

"Nimengoja useme wewe. Nikisema mimi, ni mkwe anamzulia mke wa mwanawe. Nani ataniamini? Watakuonea huruma, na yule mjinga ataendelea kunywa chai yangu." Akatupa zeituni mbovu. "Nilidhani utasema ile siku ya daktari wa meno. Una moyo mzito."

"Na Naziha? Watamla nyama."

"Watamla siku arobaini. Mimi wananing'ata mwaka wa ngapi huu? Nipo." Akanishika kidole gumba chenye nyufa, akakitazama. "Dada yangu Habiba ulimsikia? Hukumsikia. Mama yangu aliona aibu kusema neno moja, akanyamaza. Hakuna hata kaburi la kumzuru."

Sikuwahi kujua kwamba alikuwa na dada. Miaka kumi na tisa sijui. Tulimaliza sinia zote mbili bila neno jingine, nami nilikuwa na hasira na mama yake aliyekufa zamani, na hasira na mimi mwenyewe kwa sinia niliyotaka kumtupia.

Desemba 18

Tumepeleka magunia ya fungu letu kinuni. Kesho asubuhi ni zamu yetu ya kukamua. Nilimfungia Naziha mlango, akaniambia kwa upole kabisa, "Utafungua kesho, Mama, au keshokutwa, au mwezi ujao. Yeye atakuwepo." Nikafungua.

Desemba 19

Ukungu asubuhi, hata mnara wa msikiti hauonekani.

Kinuni walikuwepo watu wote wenye zamu: wanaume kwenye mashine, wanawake na madumu yao ya mafuta, Sheikh Tijani na magunia yake mawili, Bi Mongia, Bi Zohra. Saa tatu pikapu ikasimama mlangoni. Magodoro nyuma, yamefungwa kamba. Naziha mbele, gauni la Idi chini ya koti. Wanis akaingia kuchukua mafuta mapya ya safari, anasalimia watu, anabusu shangazi yake. "Nampeleka dada yangu mjini, yule daktari hajamaliza naye."

Watu wakamwambia, Mungu akuhifadhi, kaka mwema.

Nilikuwa na Sirin mgongoni. Nikamwambia mwenye kinu azime mashine. Akadhani nimeumia, akazima. Sauti yangu ikatoka kubwa mno kwa ukimya ule.

"Sheikh Tijani. Nilikudanganya. Wanis sikumnyonyesha. Si funda, si tone. Nilimlisha mkate na maziwa ya mbuzi, na huyu hapa mwenye mbuzi."

Ummi Yamina alisimama kando yangu. "Nilikuwepo," akasema. "Mkate, na maziwa ya mbuzi."

Sheikh alikuwa mweupe. "Saluha, uliniapia..."

"Sikuapa, lakini nilikwambia mara mbili nina hakika. Kosa ni langu, adhabu niambie. Nilidanganya nisimpe binti yangu mtu huyu, nikampa zaidi. Yule pale kwenye gari si dada yake. Nyuma yake kuna magodoro, na chini ya magodoro kuna madumu matupu yanayokwenda kujazwa. Na binti wa bondeni hakuungua kwenye tanuri."

"Mwongo!" Bi Mongia akapiga kelele. "Jana mwanangu, leo si mwanangu! Unanyonyesha kwa kalenda?"

Mtu akacheka. Lakini Bi Zohra alikuwa ameshika mdomo. Akamwambia Mongia taratibu: "Si wewe uliyekuwa unasema hashiki ziwa la mtu ila la mama yake? Miaka yote ulikuwa unatuambia."

Mongia akavuta ushungi usoni.

Wanaume wakaanza kutoka kuelekea garini. Nikakimbia mbele yao, nikasimama kati yao na mlango wa Naziha, nikawaambia, aibu yote niwekeeni mimi, mimi ndiye niliyemwambia huyu ni kaka yako, atakayemgusa aanze na mimi na mtoto mgongoni. Wanis alikuwa keshaingia upande wake, injini inanguruma. Kioo kilikuwa wazi, nikasikia kila neno.

"Endesha!" Naziha anamwambia. "Wanis, endesha, twende!"

Wanis anatazama watu, anatazama barabara. Anapiga hesabu, uso ule ule wa siku ya posa. Halafu akajinyoosha juu ya mapaja yake, akafungua mlango wa upande wa Naziha.

"Shuka."

"Nini?"

"Shuka. Kizuizini kila askari ana binamu hapa. Hadi nifike watakuwa wanajua si dada yangu. Utaniponza."

"Tebessa... ulisema Tebessa..."

"Naziha, usinicheleweshe! Shuka!"

Na akamsukuma. Si kwa nguvu. Kama mtu anavyosukuma gunia lililomkalia koti.

Mwanangu alianguka kwa magoti kwenye matope ya zeituni, gari likaondoka na mlango bado unapigapiga, na pembe ya mama yangu inacheza kwenye kioo. Ukungu ukalimeza. Nilitaka kumuinua. Akausukuma mkono wangu. Akamshika Ummi Yamina.

Desemba 20

Naziha hali. Haongei.

Desemba 21

Amekula vipande viwili vya mkate.

Desemba 22

Sheikh amenipa siku sitini za kufunga na kuomba radhi mbele ya wanawake msikitini. Nimeomba. Bi Mongia aligeuza uso ukutani. Bi Zohra amesema, "Saluha, ungeniambia mimi tu, ningemvunja vioo." Hakuna anayenipa tena mtoto wake nimshike.

Desemba 26

Mwanamke wa bondeni ameleta kikapu cha mayai, hakusema ni cha nini. Ni mama yake Rabeb. Baba bado anasema tanuri.

Desemba 31

Lazhar amerudi. Amepiga kelele kutwa: nimemdhalilisha, nimedhalilisha jina, binti yake ni gumzo mpaka Sfakis. Nilimngoja amalize. Nikamwambia: "Nilikupigia Novemba ishirini na moja. Ulisema fundi anakuita." Ummi Yamina akamwambia mwanawe, "Kaa ule." Akakaa akala.

Januari 2

Pikapu nyeupe imeonekana barabara kuu. Wanasema mbele kulikuwa na ushungi wa kijani. Nimempelekea habari mkuu wa kituo cha polisi, mimi mwenyewe, kwa miguu, na jina la kila njia ambayo Naziha alimwambia Ummi Yamina. Kaandika. Sijui atafanya nini. Nitarudi kesho kumuuliza, na keshokutwa.

Januari 6

Mstari wa mwisho. Jua kidogo, la kwanza tangu Desemba.

Naziha alikuja shambani bila kuitwa. Akachukua pembe zake mbili, akaanza mti wa peke yake. Niliona kidole gumba chake kitupu kinavyochubuka kwenye matawi. Nikavua pembe yangu ya gumba nikaiweka juu ya kreti karibu naye, nikarudi kwenye mti wangu. Niliposikia mlio wa pembe tatu, sikugeuka. Nimechuma kwa mbili. Gumba langu linavuja damu kwenye ukurasa huu.

Saa ya chakula nilikaa juu ya turubai kumpa Sirin ziwa. Bi Mongia alikuwa mstari wa pili, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Saluha! Leo unamnyonyesha nani? Tujue mapema tusije tukaozesha ndugu."

Wanawake wakacheka. Nikainamisha kichwa. Nililipa, nitalipa mpaka nife.

Naziha aliacha tawi. Siku kumi na nane sikusikia sauti yake.

"Ananyonyesha watoto wake, Bi Mongia," akasema. "Huyo mdogo, na mimi. Wako yuko wapi leo?"

Hakuna aliyecheka. Akaja akakaa, mgongo wake umenigusa kidogo, akavunja mkate akaanza kula akitazama upande mwingine. Bado ana hasira nami. Mimi pia ninayo, na Wanis, na Lazhar, na kila baba mwenye tanuri. Nikamhamishia Sirin ziwa la pili, tukakaa hivyo mpaka msimamizi alipotuita.